Njiwa Mwenye Kipara Asichinjwe

Baba watoto,

Mimi nimeshatoka, na jioni nina darasa, kwa hiyo njiwa ni wako leo. Yule aliyenyonyoka shingoni yuko kwenye kapu nyuma ya mlango. Mpake dawa ya unga chini ya mabawa na mkiani, isimwingie machoni. Kisha toa majani yote kibandani uyachome, na unyunyize dawa kwenye nyufa za mbao. Utitiri hujificha humo mchana, usiku humrudia ndege. Mara ile ulimpaka njiwa peke yake, ukamrudisha kulala na wadudu wale wale. Sibahatishi. Maelezo ya kopo la dawa nimeyasoma mwenyewe, neno kwa neno.

~~Kama bado unataka kumchinja mchana, kisu kiko~~ Usimchinje.

Asubuhi nilikuwa bado nimepiga magoti uliposema, "Mama watoto, Mungu ana kazi nyingi kuliko kipara cha njiwa. Mtie sufuriani tu." Binti yako akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Nywele zako zilipokwisha, nani alitaja sufuria? Nilikuombea, nikakununulia kofia.

Baada ya amina nilimgeuza njiwa kwenye mwanga wa dirisha. Shingoni yameanza kuchomoza manyoya mapya, madogo kama ncha za sindano. Nimemshukuru Mungu.

Wewe bado nakuombea. Kofia iko msumarini. Ivae ukisafisha kibanda, wadudu hao hupanda kichwani.

Mama watoto