Usiuite Tena Mgongo

Nyumba ya Katekista,
Parokia ya San Jacinto,
Las Quebradas, Loja,
Ekwado.

9 Oktoba 2018

Mpendwa mwanangu Delfina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Murcia, wewe pamoja na mumeo Wilmer na watoto wawili ambao mimi, mama yako mkubwa, nimewaona kwa picha tu. Je, mdogo ameacha kukohoa? Je, msimu wa pilipili umekwisha, au bado unainama shambani tangu alfajiri? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imewahi mwaka huu, na mama yako amepanda mahindi upande wote wa juu wa bustani, ingawa magoti yanamkatalia.

Kwa kawaida ningekupa kwanza habari za parokia. Leo sitaweza. Lile zoezi nililokuandikia wakati wa Kwaresima, la kukaza misuli ya chini ya nyonga kwa kila punje ya rozari, liache. Liache leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Nitakueleza sababu, nami nakuomba univumilie.

Wajua kwamba niliondolewa kizazi miaka kumi na mmoja iliyopita. Usilolijua ni kwamba tangu siku ile maumivu hayajaniacha. Yako chini, ndani, kama kaa la moto lililofungwa kitambaani. Kukaa kwenye benchi la kanisa kulinishinda, nikawa nasimama Misa nzima nyuma ya nguzo. Watu wakaniona mchaji. Padre Eliseo akanitaja hata katika mahubiri, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Si kwamba sikutafuta tiba. Daktari wa kwanza alisema ni uzee. Nilikuwa na miaka hamsini na minane. Wa pili aliniandikia dawa za kutuliza wasiwasi. Wa tatu alinituma hospitali ya mbali kwa tiba ya viungo, nami nikangoja zamu yangu miezi saba. Nilipofika, kijana mmoja mpole alinilaza kifudifudi, akaniwekea mfuko wa moto mgongoni, akavuta pazia na kuondoka. Baada ya dakika kumi akarudi na karatasi yenye mchoro wa mwanamke aliyelala chali.

“Mama, hapa unakaza kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu hadi kumi, unaachia. Mara hamsini kwa siku.”

“Na maumivu yakizidi?”

“Yakizidi ujue bado hujakaza vizuri. Kaza zaidi, Mama.”

Mara hamsini! Niliona kana kwamba Mungu mwenyewe amenipangia hesabu hiyo, kwa sababu Salamu Maria za mafumbo matano ni hamsini kamili. Nikakaza kwa kila Salamu Maria, nikapumzika kidogo kwenye Baba Yetu. Maumivu yalipozidi, nikaongeza rozari ya pili, kwani nilidhani imani yangu ndiyo iliyolegea. Kisha nikawafundisha kina mama wa Chama cha Rozari, wote kumi na wanane. Na wewe nikakuandikia, kwa kuwa ulikuwa umenieleza kwamba tangu ujifungue mtoto wa pili mgongo haukupi raha.

Juma lililopita nilipata nafasi kwa mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Loja, Nohemí Riofrío, ambaye kazi yake ni maradhi ya namna hii tu. Nilikuwa nimeandikishwa tangu Januari. Mwezi wa Machi barabara iliporomoka, nikakosa siku yangu, wakanirudisha mwisho wa orodha. Safari hii niliitwa kwa sababu mgonjwa mwingine hakuweza kufika.

Akaniuliza, “Mama Zoila, maumivu yako wapi?”

“Mgongoni, binti yangu.”

Akanitazama kidogo. “Hebu nionyeshe kwa mkono wako.”

Mkono wangu, Delfina, haukwenda mgongoni. Haukwenda popote. Nilibaki nimeshika msalaba wa rozari kama mtoto aliyesahau jibu siku ya Komunyo ya kwanza. Miaka kumi na mmoja, mbele ya madaktari watatu na yule kijana, nilikuwa nimesema mgongo, kwa kuwa masista walitulea hivyo: mwanamke mwenye heshima hana mahali hapo, na kama anapo, hapatajwi. Yule kijana aliweka moto pale pale nilipomwelekeza.

Nikaonyesha, chini, kati ya mapaja. Aliniomba ruhusa, akanipima taratibu kwa kidole kimoja, kila hatua akiuliza kama aendelee. Alipogusa upande wa kushoto nililia kwa sauti. Akaondoa mkono mara moja.

“Nani alikwambia ukaze?”

“Hospitali.”

“Walikupima kwanza?”

“Hapana.”

Akafunga ngumi, akaiinua mbele ya macho yangu mpaka vifundo vikawa vyeupe. “Misuli yako iko hivi, Mama. Imesahau kufunguka. Na wewe mwaka mzima unaiambia kaza, kaza.”

Robo saa ilikuwa imetosha. Robo saa, na swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, na ambalo mimi mwenyewe nisingekubali kulijibu.

Alinifundisha kuvuta pumzi hadi tumbo lijae, nisikie chini panashuka na kulegea bila kusukuma. Nafasi yangu ya pili kwake ni mwezi wa Februari. Kabla ya hapo hana hata siku moja. Sijapona. Lakini Jumapili nilikaa kwenye benchi tangu Somo la Kwanza hadi mwisho wa Injili, na Padre Eliseo akaniuliza baadaye kama ninaumwa.

Jumatatu niliwakusanya kina mama, nikawaeleza yote, pamoja na lile jina la mahali penyewe nililokuwa nikiliogopa. Obdulia, jirani yetu mwenye ulimi, akasema: “Jamani, mimi nimekaza mpaka meno, nikadhani ndio utakatifu unaingia!”

“Wewe kaza tu, shoga,” akamjibu Rosaura. “Ukicheka unalowesha benchi.”

Wakacheka hadi machozi. Na kweli, Nohemí ameniambia wapo wanaofaidika na zoezi lile, huenda Obdulia ni mmoja wao. Kosa ni kumpa kila mtu bila kumpima. Lakini kicheko kilipokwisha, wanawake saba walibaki nje ya mlango wakitaka kunena nami faraghani, mmoja mmoja, na kila mmoja alianza kwa neno lile lile. Mgongo.

Nimefundisha katekisimu miaka thelathini na minne. Wasichana wa hapa niliwafundisha majina ya malaika wakuu na ya mizizi saba ya dhambi, lakini miili yao wenyewe, ambayo Mungu aliiumba na kuiona njema, niliwafundisha kuificha hata kwa mganga wao. Nawe ulikuwa mmojawapo, ukikaa kiti cha mbele.

Barua yako ya Julai iko hapa mezani. Umeandika kwamba unafanya zoezi kila siku kama nilivyokuagiza, na kwamba mgongo umezidi, hata huwezi kukaa kwenye basi la kwenda shambani. Mwanangu, mgongo huo naujua. Ni mimi niliyekufundisha kuuita hivyo. Nenda kwa daktari, uombe mtaalamu atakayekupima kwanza, na akikuuliza ni wapi, mwonyeshe. Ukinijibu, niandikie jina la mahali penyewe. Sitaona haya kulisoma.

Mama yako anakusalimu, Obdulia na Rosaura pia, na Padre Eliseo anawakumbuka katika Misa. Msalimie Wilmer, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Bikira Maria wa El Cisne awafunike kwa joho lake, na Mungu akupe pumzi ndefu, pana, isiyozuiliwa na kitu.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye na kukuomba msamaha,

Zoila Ludeña