Kulungu wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumanne, 6 Agosti 2024

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii – wawili, na mbwa mmoja asiyesikia – kwamba leo saa nne na robo asubuhi pembe za kulungu zilizotundikwa ukutani sebuleni zimeinama upande wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Hakuna aliyejeruhiwa. Chanzo kinachunguzwa, anayeshukiwa ni lori la kokoto lililopita barabarani. Mwenye nyumba, Bwana Orville Stiltner, umri miaka arobaini na tisa, alifika eneo la tukio, akatazama, akarudi kuketi.

Hakuzinyoosha kwa sababu mikono yake haipandi juu ya mabega. Mke wangu Nadine akitoka kazini atazinyoosha. Ndiye anayezifuta vumbi kila Jumamosi. Hajawahi kuzisifu. Hajawahi kuzisema vibaya pia.

Daftari hili ni agizo la wakili wangu, Bi. Vandevender. Kanambia, "Bwana Stiltner, kila nikikuuliza hali yako unajibu 'nzuri tu'. Jizoeze kuandika ukweli." Nikauliza nimletee lini. "Usiniletee! Mahakama haipokei karatasi mpya hata moja. Ni la kwako mwenyewe."

Haya. Ukweli: hali yangu nzuri tu.

Nimeanza vibaya.


Alhamisi, 8 Agosti

Niandike mambo kwa mpangilio, maana hata mimi yananichanganya.

Miaka ishirini na mbili nimeendesha lori la magogo katika milima hii ya West Virginia. Mwaka 2020 nilikuwa nafunga mzigo, mnyororo ukakatika, gogo la mwaloni likateremka. Halikuniua. Lilinisalimia tu mgongoni. Nimepasuliwa mara mbili, nina skrubu sita ndani. Mguu wa kushoto unalala unapotaka, haunishauri. Vidole havijui kifungo cha shati kiko wapi.

Nikaomba mafao ya ulemavu. Nikanyimwa. Nikaomba wafikirie upya. Nikanyimwa. Nikapelekwa kwa hakimu wa ile ofisi ya mafao – hakimu mwenyewe kwenye televisheni, mimi na Nadine kwenye chumba chenye saa mbovu. Akaninyima kwa kurasa kumi na nne. Baraza lao la rufaa likaninyima kwa ukurasa mmoja, angalau hao hawapotezi karatasi. Sasa tuko mahakama ya shirikisho.

Tatizo ni ukurasa wa kumi na moja. Naujua kwa moyo: "Mwombaji alieleza chini ya kiapo kwamba mnamo Novemba 2021 alimpiga risasi kulungu dume mwenye pembe za ncha nane. Shughuli hiyo hailingani na madai yake ya maumivu."

Ni kweli, nilisema hivyo. Hakuna aliyenishikia kisu! Hakimu alikuwa ameniuliza maswali kwa saa nzima. Unaweza kuinama? Siwezi. Kubeba ndoo ya maji? Siwezi. Kusimama dakika ishirini? Siwezi. Na Nadine ameketi pembeni anasikia siwezi, siwezi, siwezi. Halafu akauliza kama nina ninachokipenda, uwindaji labda. Nikaona mlango. Nikajipitisha.


Jumatano, 14 Agosti

Leo nimechekwa na wakili. Kwa adabu, lakini nimesikia.

Nilimpigia kumuuliza nivae nini siku ya mahakama, kwa sababu Nadine amenipigia pasi shati la bluu, na nimekuwa najizoeza mbele ya kioo kusema "Mheshimiwa". Akasema, "Hakuna siku ya mahakama, Bwana Stiltner." Nikauliza, vipi hakuna? Akasema yeye anaandika, wakili wa serikali anaandika, jaji anasoma. "Hatakuona."

Nikamuuliza, je, jaji anaweza kunitazama hata dakika tano nikijaribu kushuka ngazi? Hapana. Jaji haangalii kama naumwa. Anaangalia kama yule hakimu wa kwanza alikuwa na sababu za kutosha kusema siumwi. Wakili akalirudia hilo mara mbili, polepole. Mara ya pili nilielewa na nikatamani ningebaki na ile ya kwanza.

Shati limerudi kabatini.


Jumanne, 3 Septemba

Hoja za serikali zimefika. Nadine ndiye hufungua barua zote hapa, kwa ajili ya vidole vyangu, kisha hunisomea mezani. Ametoka jikoni kwenye shule ya watoto, ana nusu saa kabla ya kwenda zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee. Amekaa viatu vikiwa bado miguuni. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa bandeji: masufuria ya shule. Mafao yangu yakipita, ile zamu ya jioni anaiacha siku hiyohiyo. Yasipopita, anaendelea kuinua masufuria mchana na wazee jioni mpaka naye atafute wakili.

Kurasa ishirini na mbili. Kulungu ametajwa mara tano. Tano! Mtu na risasi moja, kulungu watano.

Wamerudia pia yale ya mtaalamu wa ajira aliyeitwa na yule hakimu, kwamba naweza kufanya kazi ya kukagua vijiti vya kuungia mbao. Nimebeba miti mizima miaka ishirini na mbili. Sasa nikague vijiti, kwa vidole visivyojua kifungo. Nikamwambia Nadine kiwanda kiko wapi, nianze Jumatatu. Akasema, "Hawajaandika kiko wapi. Wameandika kazi zipo nchini." Nchi ni kubwa, wangetaja hata upande.

Alipofika penye kulungu, kila mara, alisoma kwa sauti ileile anayosomea karatasi ya dawa. Sikumtazama.


Jumapili, 15 Septemba

Chakula cha kanisa baada ya ibada. Maharage, mkate wa mahindi, kuku wa aina tatu. Mchungaji mpya, mgeni, anauliza kila mtu habari zake.

Dewey, shemeji yangu, kaka yake Nadine, huwa hangoji kuulizwa. "Mchungaji, unamwona huyu anayetembea kama bata aliyepigwa jiwe? Muulize kulungu wake!"

"Kulungu gani?"

"Wa ncha nane! Nane ilikuwa mwaka ule. Kwa jinsi ninavyomsimulia, mwaka huu nadhani zimefika kumi na mbili."

Meza nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mchungaji akanipa mkono, akanipongeza. Nadine akaenda kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Kwenye gari Dewey aliinama dirishani. Bila kelele, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. "Shemeji. Umemwambia yule wakili?"

"Nimwambie nini?"

"Basi," akasema, akapiga bati la gari mara mbili kama anafukuza ng'ombe.


Jumanne, 22 Oktoba

Hali: nzuri tu.

Futa. Nimeanguka bafuni. Dakika arobaini sakafuni, mbwa ananitazama kama anayengoja nimalize nilichoshuka kufanya. Nadine alinikuta. Nilimwambia natafuta sabuni.


Jumatano, 13 Novemba

Hakuna kitu. Wakili anasema jaji anasoma. Miezi yote hii anasoma! Mimi nilimaliza darasa la kumi na mbili kwa kusoma kidogo kuliko hivyo.

Miti imeisha majani. Jirani amekwisha kutoa bunduki kuzipaka mafuta barazani. Jumatatu ya tarehe ishirini na tano msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, shule zinafungwa wiki nzima, na Dewey ameanza kuniita "Mpiga Shabaha" kwenye simu.


Alhamisi, 21 Novemba

Hukumu!

Nadine kaifungua kwa kisu cha siagi. Kurasa kumi na tisa, wakili katuma nakala. Nilimwambia aanzie mwisho. Akasema yeye hasomi kitu kuanzia mwisho, mimi si mtoto, ningoje.

Kwa hiyo nikangoja. Akasoma historia ya mgongo wangu, akasoma sheria, akapita mtaalamu wa vijiti. Akafika ukurasa wa kumi na tatu. Nanukuu kutoka kwenye karatasi, iko hapa mbele yangu:

"Katika fomu ya Februari 2022, mke wa mwombaji aliandika: Mume wangu huenda porini na kaka yangu kila Novemba. Hukaa ndani ya gari. Kaka yangu ndiye anayepiga risasi. Huyo wa ncha nane pia ni wa kaka yangu."

Nadine hakukatiza kusoma. Alifunua ukurasa, akaendelea. Kwamba hakimu wa ofisi hakuitaja fomu hiyo mahali popote. Kwamba maelezo ya mke na ya mume kuhusu kulungu hayawezi kuwa ya kweli yote mawili. Kwamba hakimu alichagua moja bila kusema kwa nini. Kwa hiyo uamuzi umefutwa, shauri linarudishwa.

Februari 2022! Naikumbuka ile fomu. Ofisi ilimtumia yeye, waliandika tu "mtu anayemfahamu mwombaji". Aliijaza hapahapa mezani, Jumapili mchana, mimi natazama mpira. Sikuuliza kaandika nini. Na Jumamosi iliyofuata alizifuta zile pembe vumbi. Na iliyofuata. Zaidi ya Jumamosi mia moja.

"Nadine," nikasema.

"Kula. Mkate unapoa."


Ijumaa, 22 Novemba

Wakili kapiga. Kafurahi sana, ananiita mshindi. Nikamuuliza mshindi wa nini. Hapo akapunguza furaha kidogo.

Nimeshinda kurudi nilikotoka. Ofisi ileile. Hakimu yuleyule, ndiyo, kwenye televisheni ileile. Lini? Labda miezi minane. Labda mwaka. Miaka minne ya kupanda ngazi, nimefika juu, wamenipa cheti cha kushuka! Nimepiga meza. Vidole havikuhisi kitu, ila Nadine aliniambia baadaye kwamba vilitoka damu.

"Sasa nisikilize vizuri, Bwana Stiltner," akasema wakili. "Swali la kwanza atakalokuuliza hakimu ni la kulungu. Ukisema ulimpiga wewe, unamwita mkeo mwongo, na tumekwisha. Ukisema hukumpiga, utaeleza kwa nini ulisema ulimpiga, tena chini ya kiapo. Mimi sikwambii useme nini. Nataka tu kujua kilichotokea. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakupigia."

Nikamwambia Jumatatu ni siku ya kulungu. Yeye ni wa mjini.

"Saa tatu," akasema.


Jumatatu, 25 Novemba

Saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Milio imeanza mlimani tangu kulipopambazuka. Mmoja wa hiyo ni wa Dewey. Alikuja jana kuuliza anichukue saa ngapi, nikamwambia mwaka huu siendi. Alitazama pembe ukutani, akamtazama dada yake, akavaa kofia. "Basi nitaenda na thamosi ya kahawa," akasema. Hakutania kitu kingine.

Alipoondoka nikamwambia Nadine: kumbe ulijua. Kaka yako alikwambia?

"Dewey hajaniambia neno." Alikuwa anakunja nguo. "Ile suruali niliifua mimi, Orville."

Halafu akasema nimweleze yeye kwanza, kabla ya wakili. Nikafungua mdomo, ukatoka utani. Nikafungua tena, ukatoka utani mwingine. Akanisukumia daftari hili. "Basi andika, nitaketi tu." Ameketi mbele yangu. Shule imefungwa, hana pa kwenda mpaka jioni. Simu iko katikati yetu.

Kilichotokea ni hiki.

Tarehe 22 Novemba 2021 Dewey aliegesha pikapu chini ya kilima cha mkwewe, akaniachia hita na redio, akapanda peke yake. Ndivyo tulivyofanya tangu niumie. Bunduki yangu ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wake. Haikutoka. Kama saa mbili asubuhi hivi nilihitaji kukojoa. Nikashuka. Mguu wa kushoto haukushuka nami. Nikaanguka kando ya gurudumu, uso kwenye majani, na sikuweza kuinuka. Nilijaribu kushika ngazi ya mlango, vidole vikateleza. Kile nilichoshukia kikatokea hapohapo, ndani ya suruali. Kulikuwa na barafu. Nililala pale hadi saa nne. Nilisikia mlio mmoja juu, nikajua Dewey kapata, nikafurahi kwa ajili yake, hilo nalo ni kweli.

Aliporudi anamburuta kulungu, alinikuta. Nimemjua Dewey tangu tuna miaka kumi na mmoja, na hiyo ndiyo siku pekee hakucheka. Alinivisha koti lake refu, likafunika mpaka magotini. Nililia. Nilimwambia asimwambie Nadine. Akasema tutamwambia umeua kulungu, nani atauliza kingine? Lile wazo lilikuwa lake, lakini mimi ndiye niliyesema sawa, na mimi ndiye niliyelipeleka kanisani, na mimi ndiye niliyelipeleka kwa hakimu.

Kuna picha iliyotoka kwenye gazeti la kaunti, niko nyuma ya kulungu, nimeshika pembe, natabasamu, koti refu. Mpwa wa Dewey alikuja kuipiga siku hiyohiyo. Watu huona nimesimama. Sikusimama. Upande wa kushoto, chini ya koti, kuna kitu cheusi ambacho kila mtu hudhani ni kivuli. Ni mkono wa Dewey, amechuchumaa nyuma yangu, ameushika mkanda wangu kwa –

Saa tatu. Simu inalia.