Chungu cha Bibi

Morogoro, Juni 1909

Dada yangu Scholastika,

Naandika nikiwa mzima, na mikono yangu ina udongo, kwa hiyo usishangae ukiona alama za vidole. Mvua zimekwisha. Hapa misheni tunafyatua matofali ya shule, na mimi sasa ndiye ninayeangalia tanuri. Kazi hii naipenda. Nikitazama rangi ya moto tu najua matofali yameiva, na Padri haniulizi mara mbili.

Jioni, wenzangu wakienda ngomani, mimi hufinyanga vyungu. Najua habari hizo zimewafikia huko Matombo. Najua pia bibi amesema kufinyanga ni kazi ya wanawake, mwanamume akiugusa udongo ule vyungu hupasuka motoni, na kwamba salamu zangu asiletewe tena. Hilo limeniuma, dada, lakini sijaacha.

Salehe, mchuuzi wa chumvi anayekuletea barua hii, amebeba pia chungu kimoja. Mpikie bibi kunde ndani yake, na usimwambie kimetoka kwa nani mpaka ale ashibe. Kikipasuka, mwambie nimekubali, nitabaki na matofali yangu. Kisipopasuka, mpe shikamoo yangu, kisha umwulize anauonaje mdomo wake, maana mimi naona umekuwa mnene kidogo.

Usiogope kukibandika. Nimekwisha kupikia humo mara tisa.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,
Lukasi