Chujio Nyuma ya Injini

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike Izia masika mawili yamepita. Mama hajambo, ulezi shambani umekubali. Nilitaka nikuandikie hayo tu, lakini nina hasira, na humu kambini hakuna wa kunielewa kama wewe uliyezeeka kwenye karakana ya jeshi.

Wametuletea lori jipya la majaribio. Mimi ndiye fundi niliyepewa kulijaribu. Bila sahihi yangu askari hawapewi. Linavuta vizuri, sikatai. Ila chujio la dizeli, Baba, wamelificha nyuma ya injini. Kulifikia ufungue kava la injini, ufungue bomba la hewa, halafu nati nane ambazo spana yake haimo kwenye boksi la gari.

Tulipokuwa njia ya Ilemba likazimika mteremkoni, kwenye tope. Dizeli chafu, jambo la kila siku. Nililala chini ya lile dude tangu asubuhi hadi saa tisa, na nyuma tulikuwa na askari anayetetemeka kwa malaria. Lililokuja kumchukua ni lile lori kuukuu ulilokuwa ukilitengeneza wewe. Amepona, Mungu ni mwema. Lakini angekufa kwa sababu ya chujio.

Kwenye kikao mhandisi aliyelichora, kijana mpole tu, akasema askari watakuwa wanalileta karakana. Nikamwambia, "Karakana ni pale linapokuzimikia." Akatabasamu. Nikakumbuka ulivyonitumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji baridi, asubuhi ya Juni, mama akigomba, kisha ukanipa plagi niifungue nimefumba macho. "Askari hatengenezi gari akiwa na raha," ulisema. Basi nikamwekea mhandisi boksi la spana, nikamwomba abadilishe chujio mwenyewe.

Alianza saa ya chai. Wenzake walipomaliza kula mchana alikuwa bado, kidole kinavuja damu. Kesho yake akaja na mchoro mpya: chujio limehamia ubavuni. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikauliza kuhusu nati. Eti ni zilezile, zimeshaagizwa. Zimeshaagizwa, Baba!

Sasa mkubwa wangu anataka sahihi Ijumaa, la sivyo atampa fundi mwingine. Nimechoka kuonekana mkorofi.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu. Nakuahidi hivi: sisaini mpaka nati hizo zifunguke kwa spana aliyonayo askari. Wakitaka kunihamisha, begi langu ni jepesi.

Mwanao,
Agripina