Orodha ya Warithi

Jumatano, Nyanga

Majaribio yote ya programu yalifaulu, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi nilikagua funksheni mpya ya programu, aliyoiandika mwenzangu kazini Neema, ya kupanga orodha za warithi kwenye kanzidata ya vibanja, yaani mashamba ya ukoo. Niliijaribu kwa majina ya kubuni, yakajipanga kialfabeti, nikaipitisha ianze kupanga na kuhifadhi orodha halisi.

Jioni nikafungua rekodi ya kibanja cha marehemu baba kilichoko Kamachumu. Ukoo ulimtaja kwanza kaka Rwegasira, mrithi mkuu. Sasa anayeongoza ni Abela, kitinda mimba wetu. Familia zote zimevurugwa hivyo. Nakala ya akiba yenye mpangilio wa zamani, kama ipo... naogopa hata kuangalia.

Nikampigia Neema, nikafoka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimetoka Dodoma, kaka. Sikujua kwamba anayetajwa kwanza ndiye mrithi mkuu. Wewe ulijua."