S2 si Sauti ya Pili

Ijumaa, Machi 2008. Al Garhoud.

Leo mji mzima umejaa vumbi. Dirishani sioni hata jengo la jirani, koo linawasha, na mashuka yangu mwenyewe yana mchanga. Lakini hapa nilipokaa kitandani nacheka peke yangu. Neema, Mtanzania ninayekaa naye chumba kimoja, anasema nikiendelea hivi atahama.

Nimekuwa mjinga kwa wiki nyingi, na sijawahi kufurahi hivi tangu nifike Dubai.

Ngoja nieleze. Mimi ni dobi. Kila shuka la hoteli yetu linapita mikononi mwangu, na kwa kuwa mashine zikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake, mimi huimba. Kwetu Kakamega nimeimba kwaya ya kanisa tangu utotoni, na siku zote nimekuwa sauti ya pili. Sauti ya kwanza hubeba wimbo, wanaume hushika ya tatu na ya nne, na sisi wa pili tunakaa katikati, chini kidogo, tukiutia utamu. Hapo ndipo kwangu.

Mwezi wa kwanza niliona tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi. Kwaya ya kujitolea, watu wa mataifa yote, mazoezi kila Ijumaa mchana katika ukumbi wa shule moja huko Al Barsha, nyimbo za watunzi wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa. Nilienda bila kumwambia mtu. Niseme ukweli: katika mji huu watu huiona yunifomu yangu kabla ya kuniona mimi. Nilitaka mahali ambapo nikikosekana, kitu kitapungua.

Majina ya watunzi hao yananishinda kutamka, kwa hiyo nimewabatiza kwa nchi zao. Kuna Mpolandi, mgonjwa wa kifua, ambaye mpiga piano wetu humpiga tukipumzika, na piano yake ni kama mtu anayejisemea peke yake. Kuna Mrusi wa mabata-maji, aliyetunga muziki wa dansi ya mabinti waliogeuzwa mabata. Kuna Mtaliano aliyewatungia mateka wimbo wa kukumbuka kwao, na sote tukiuimba kwa sauti moja mimi hutazama chini, maana machozi yangu hayana adabu. Na kuna Mjerumani mwenye ndevu hadi kifuani, aliyetunga kazi kubwa ya kuwafariji waliofiwa. Kipande chetu ni cha katikati ya kazi hiyo, na ni cha furaha tupu.

Ajabu ni kwamba baadhi yao nilikuwa nawajua bila kujua. Ule mlio wa simu unaolia kila kona ya Dubai ulitoka kwenye muziki wa gitaa wa Mhispania mmoja wa zamani. Na ile tuni ambayo maharusi wa kwetu huingilia kanisani imetoka kwenye opera ya Mjerumani mwingine, ambamo ndoa yenyewe inavunjika usiku ule ule wa harusi! Nimeamua kutomwambia shangazi. Aliingilia hiyo, na bado yuko na mume wake.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Siku ya kupimwa sauti wanawake tulikuwa wengi na madam, mwalimu wetu Mwingereza, alikuwa na haraka. Nilisimama kwenye mstari uliokuwa karibu na mlango. Akanisikiliza kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni wa kwanza au wa pili. Nikasema wa pili, bila hata kufikiri. Akanipa faili lenye karatasi za nyimbo, juu limeandikwa S2.

S2. Sauti ya pili. Nani angeshangaa?

Mafaili ya wengine nayo yalikubaliana na hilo. S1 ni sauti ya kwanza. T, tatu, na kweli walikuwa wanaume wa sauti nyembamba. B, besi. Ilibaki A, na hao walikuwa wanawake, wengi wao wenye mvi na miwani, wakisimama nyuma yangu. Nikaona basi, hao ni akina mama. Nikadhani ni heshima tu wamepewa, safu yao wenyewe, kama kanisani kwetu.

Noti za Wazungu za mistari na vichwa vyeusi sizisomi, mimi nilikulia solfa, do-re-mi za herufi. Kwa hiyo nilijifunza kwa sikio kutoka kwa jirani yangu na kuandika solfa juu ya kila mstari. Na nikaanza kuteseka. Kulikuwa na noti moja ya Mjerumani, juu kabisa, ambayo nilikuwa naifikia kwa vidole vya miguu. Nilikunywa tangawizi na asali hadi harufu ikaingia kwenye nguo. Nikajiambia kwamba Wazungu sauti yao ya pili ndivyo ilivyo, wamezoea baridi, labda mapafu yao ni tofauti. Tena jirani yangu alikuwa akinigusa kiwiko kila mara, kwamba nateleza naacha wimbo naenda kwingine. Nikaona aibu kweli.

Ijumaa iliyopita madam akatangaza kwamba leo atasikiliza watu watatu watatu. Asiye tayari atakaa na wasikilizaji siku ya onyesho.

Asubuhi ya leo nilikuwa nafanya zoezi la mwisho huku Neema akipiga pasi. Neema ameimba kwaya ya Kilutheri huko Moshi, ana masikio. Akasimamisha pasi.

"Shoga, mbona unaimba ya kwanza?"

"Ya kwanza wapi? Hii ni ya pili. Si uone hapa, S2."

Akaliangalia faili, akaniangalia mimi, akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka nikaogopa pasi itaunguza blauzi.

"Rispa jamani! S ni soprano! Hawa wana soprano mbili. Wewe ni alto, ndiyo hiyo A!"

Sikucheka hata kidogo. Njia nzima hadi Al Barsha nilikuwa nahesabu hasara yangu. Sehemu ya S2 siiwezi, sehemu ya A sijajifunza hata mstari mmoja, na onyesho limekaribia. Nilijua leo ndiyo mwisho wangu pale.

Nikamwendea madam kabla hajaanza. Nilitaka kumnong'oneza, lakini ukumbi ule unabeba sauti vibaya mno. Nikamweleza kwamba kwetu ya pili ni alto, kwamba S nilidhani ni sauti, na kwamba siku ile nilisimama kwenye mstari wa soprano bila kujua. Watu wakageuka kusikiliza. Madam akauliza, kwa upole tu, "Na A ulidhani ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Sikuweza.

"Akina mama, madam."

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni hao akina mama wenyewe. Ukumbi wote ukaangua kicheko. Muayalandi mmoja wa safu ya nyuma, nesi mwenye mvi fupi, akafuta miwani yake na kusogea pembeni. "Basi njoo uwe mama," akasema.

Madam hakunipendelea. Alisema tuimbe kipande cha Mjerumani sasa hivi, mimi nikiwa kwenye alto. Nikikiweza nabaki. Nisipokiweza, safari hii nitasikiliza tu.

Piano ikaanza. Nesi akanisogezea karatasi yake, lakini ingenisaidia nini? Nikafumba macho, nikafungua mdomo.

Sehemu ikatoka.

Yote. Akina mama hao walikuwa wakiimba mgongoni kwangu tangu mwezi wa kwanza, na sikio langu lilikuwa likiwafuata bila ruhusa yangu. Kule nilikokuwa nateleza nikiguswa kiwiko, ndiko nilikotakiwa kwenda. Nilikuwa nikijizuia kuimba sehemu yangu mwenyewe! Sikunyanyuka kwa vidole, sikukaza shingo. Nilihisi kifua kikitetemeka polepole, na jirani zangu wa kulia na kushoto wakaegemea kwangu kidogo, kama watu wanavyofanya wanapopata joto. Nilifurahi hadi nikasahau kuogopa.

Tulipomaliza, madam aligeuza karatasi yake. Ameishi hapa miaka mingi, ana maneno ya hapa, na khalas ni kama kusema basi, imetosha.

"Khalas, Rispa. Usitoke hapo."

Kwa onyesho sisi wanawake tunatakiwa kuvaa magauni marefu meusi. Wenzangu wote walishashonesha. Mimi sikuthubutu hata kuuliza bei ya kitambaa, maana gauni la namna ile utalivaa wapi ukishafukuzwa?

Kesho nikitoka kazini naenda Satwa kwa fundi. Nitamwambia asilibane kifuani, kuna mtu humo anavuta pumzi.