Sasa Wanataka Niseme Mchu

Mama,

Salamu na dua nilikuletea Ijumaa pale kaburini, kwa heshima zake zote. Barua hii ni ya ugomvi. Na kwa kuwa huwezi tena kunigonga kwa upawa, leo utanisikiliza mpaka nimalize.

Serikali imeninyima ruzuku ya masomo, Mama. Imeninyima kwa sababu mimi si Mbajuni.

Cheka kwanza. Mimi nilicheka, kisha nikalia mpaka Mama Zuhura wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine.

Ulipokuwa hai, ada ya chuo ilitoka kwenye achari yako na mahamri yako ya asubuhi. Ulipoondoka, ada nayo iliondoka. Nilikwenda kuomba msaada kule wanakosaidiwa wanafunzi wote, wakaniambia aliyeingia chuo cha binafsi ana uwezo wake. Uwezo gani? Niliingia cha binafsi kwa kuwa cha serikali hakikunipa nafasi. Ungewaona wanavyosema, wameegemea viti kama wamemaliza mashauri yote ya dunia. Basi ikatangazwa ruzuku ya wanafunzi wa jamii ndogo, hata walio vyuo vya binafsi, na Wabajuni tumo. Nikasema alhamdulillahi, Mungu hamtupi mja wake. Chuo chenyewe kilikuwa kimeshanionya: bila ada, muhula ujao sikanyagi wodini kwa mazoezi, na muuguzi asiyeingia wodini ni sare tupu.

Tatizo likaja kwamba kila mtu siku hizi ni Mbajuni. Kwa hiyo wakaweka kamati ya kutusaili: bibi mmoja wa serikali na wazee wawili wa jamii yetu. Tuliketi kwenye benchi nje tukingoja. Karibu nami alikaa Athumani, tunasoma darasa moja, kijana wa hapa hapa mjini ambaye Ubajuni wake ni shangazi aliyeolewa Faza, visiwani kwa Wabajuni. Akaninong'oneza, "Dada, kwenu mtu mwamwitaje?" Unajua nilivyofanya? Sikumtamkia. Nilichukua kalamu nikamwandikia kiganjani: mchu. Wengi, wachu.

Akaingia, akatoka anatabasamu.

Nikaingia mimi. Mzee mmoja akasema, "Haya binti, sema mtu kwa lugha yenu." Nikafungua kinywa. Mama, wallahi neno lilikuwapo, nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini mkono ulinishtuka wenyewe, nikauficha chini ya buibui, kama naona upawa unakuja. Nikasema, "Mtu." Akaniuliza tena, polepole, kama ananionea huruma. Nikasema tena, "Mtu." Mzee wa pili akacheka: "Huyu Mswahili wa Mji wa Kale huyu, ana haja gani na ruzuku?" Kisha akaniuliza mamangu alikuwa wa wapi. Nikajibu kama ulivyonifundisha tangu nina meno ya utoto: "Wa hapa hapa."

Ndiyo kazi uliyoifanya. Umeifanya vizuri mno.

Nina hasira nawe, na nina hasira zaidi kwa kuwa sina pa kuipeleka. Najua kwa nini ulifanya. Baba alikuwa Mbajuni wa Kiunga, upande huu wa Kenya, mwenye kitambulisho, na kwa jina lake na mimi ninacho. Wewe ulikuwa wa kisiwa cha Koyama, upande wa Somalia, ulivuka mpaka pale Ras Kamboni una mimba yangu baada ya wenye bunduki kuchukua mashua na nyavu na kila kilichochukulika. Cheti cha ndoa kilibaki kwenye sanduku kisiwani, na Baba akafa kabla hajakutafutia kingine. Kule Kismayu waliwaambia nyinyi si Wasomali, rudini kwenu. Huku Mombasa askari wakawaambia nyinyi ni Wasomali, rudini kwenu. Kambi ya wakimbizi ilipovunjwa na watu wako wakapakiwa kurudishwa, wewe ulinibeba ukapotea mitaani nami.

Tangu hapo ulimi ndio uliokuwa adui wetu. Nikiteleza nikasema mchu, upawa wa mkono. Nikisema ndoo badala ya njoo, upawa. Wewe mwenyewe ulishindwa kujifunza kusema kama wao, ukaamua kunyamaza. Wauza samaki wa Marikiti walikuita Bibi Bubu, na mimi mwanao niliyekufika kiunoni ndiye niliyekuwa nikibishana bei, wewe ukinibana bega: mara moja punguza, mara mbili tuondoke. Kisha tukifika nyumbani, "Ndoo, mwanangu, funga mwango." Mlango ukifungwa tu, maneno yanamwagika! Habari ya kila aliyekupita njiani, nani amenenepa, nani kavaa viatu vya mumewe. Sijapata kukutana na mtu msemaji kama wewe.

Siku ya maziko Mama Zuhura alisema, "Maskini, kaondoka hakuwahi kutamka neno." Nikaangua kicheko mbele ya wanawake wote. Wakadhani huzuni imenipanda kichwani.

Sasa niambie. Nikisema wewe ni wa hapa, mimi si wa jamii ndogo, sina haki. Nikisema wewe ni wa Koyama, wataguna kwamba mimi ni mkimbizi, ruzuku ni ya wananchi. Kitambulisho ninacho mkononi, cha halali, lakini kwao wao karatasi haitoshi, wanataka na ulimi. Na Athumani amepata. Neno nililomwandikia mimi ndilo lililompa ada. Amekuja kunishukuru, tena kwa mkate wa sinia, na mimi mjinga nikaupokea nikaula.

Nimekata rufaa. Wananisikiliza kesho asubuhi.

Leo mchana nimejifungia, nimefunga mwango kama utakavyo, nikasimama mbele ya kile kioo chako kilichopasuka. Mara ya kwanza neno halikutoka. Nikakaa kitandani pako, nikakumbuka ile siku ya mwisho ulivyonishika kidole ukasema, "Wasalimu wachu wa kwetu," na sikukuuliza ni wapi nitakapowapata. Nikasema, "Mchu." Mkono haukushtuka. Nikafungua mlango, wanawake wapo uani wanaanua nguo, nikalisema tena kwa nguvu. Mama Zuhura akageuka akaniuliza, "Umesemaje?" Nikamwambia, "Mamangu alikuwa mchu wa Koyama, na hakuwa bubu."

Akaitupia nguo begani. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nikisikia sauti mle ndani miaka yote, nikidhani ni redio." Alijua, Mama. Labda wote walijua, wakanyamaza pamoja nawe. Sijui nifurahi au nipigane nao.

Basi nakuaga, na usikasirike. Kesho nitawaambia wale wazee ulikotoka, kwa lugha yako, kinywa wazi. Kitambulisho nilichopata kwa jina la Baba nitakiweka mezani, neno lako nitaliweka juu yake. Wakinikatalia, watakuwa wamekukataa wewe na Baba wakiwajua, si binti wa Mji wa Kale wasiyemjua. Na wodini nitaingia, hata ikibidi niamke alfajiri kukaanga mahamri kama wewe. Hiyo ni ahadi, na wewe wanijua kwa ukaidi.

Hawawezi kukukamata tena. Huko uliko hapana askari wala anayeuliza kitambulisho. Zungumza, Mama. Acha mwango wazi.

Mwanao,
Mwanaesha